Shetani Hapati Pa Kulala
Katika filamu ya Annabelle: Creation ya 2017, fundi wa wanasesere na mkewe wanafiwa na binti yao, kisha wanabaki ndani ya jumba lao kubwa, wao kwa wao. Ndiyo maana shetani alipobisha hodi alikaribishwa, akaingia ndani ya mwanasesere. Mgeni mwingine hakuwapo!

Angejaribu msiba wa Kikorongo, Uganda, pale njia ya Bwera inapoachana na barabara kuu ya Kasese. Angekuta turubali uani, viti vya kukodi, sufuria la maharage, na mashangazi wamejaza sebule. Alize mlango usiku wa manane? Nani atasikia kwa mikoromo ile? Na watu waliozoea tembo wa Hifadhi ya Queen Elizabeth hawatishwi na mwanasesere.

Mwanasesere halisi aliyezaa hadithi hiyo, ambaye ni wa kitambaa tu, aliwekwa kwenye kasha la kioo huko Monroe, Connecticut, na onyo juu yake. Kwetu msibani kinachostahili kasha ni daftari la michango. Mwekahazina analamba kidole, anafunua ukurasa: “Mjomba, uliahidi elfu hamsini.” Mjomba anakumbuka ghafla kwamba mbuzi wake hawajafungwa.