Likizo ya Ufukweni Delta ya Rufiji: Mwongozo kwa Baba Mwenye Familia

Kwanza, usitaje delta. Mwambie mama watoto kwamba mnakwenda kisiwani. Hutakuwa umesema uongo: Rufiji ukikaribia Bahari ya Hindi hujigawa mikono mingi, na ardhi iliyobaki katikati ni visiwa, kila kimoja kimezungukwa na maji pande zote kama alivyofundisha mwalimu wa jiografia. Ufukwe nao upo. Kwamba sehemu kubwa ya ufukwe huo ni tope, na juu ya tope hilo imeota mikoko kwenye eneo la zaidi ya hekta 50,000, hayo atayaona mwenyewe mkishafika, na wakati huo boti itakuwa imeshageuza.

Kuhusu msimu, msiumize kichwa, maana hakuna mzuri. Likizo ya shule ya Juni huangukia kwenye kusi, na kusi likikaza, milangoni mwa delta boti ndogo hurushwa kama pepeto la mchele. Ya Desemba huangukia kwenye kaskazi, bahari inatulia, joto na mbu wanachukua zamu. Masika msifikirie kabisa. Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na makazi ya watu Rufiji na Kibiti, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikatua Mafia, ng'ambo tu ya delta. Hapo mzaha hauna nafasi.

Njia ni rahisi. Basi mnalipanda Mbagala Rangi Tatu, mnapita Mkuranga na Kimanzichana, mnafika Jaribu Mpakani, jina ambalo halikuwekwa kwa ajili yenu lakini mnaweza kulichukua kama ushauri. Mkifika Bungu, kabla ya Kibiti mjini, shukeni mtafute usafiri wa kukata kushoto kuelekea Nyamisati. Njiani mtapishana na matenga ya samaki na kamba waliozikwa kwenye barafu, wanakwenda Dar. Waageni vizuri. Ndio wale kamba mliokuwa mnawafuata.

Nyamisati ndipo baba anapopoteza cheo. Hadi hapo alikuwa na ratiba kwenye simu: kufika saa nane, kuogelea saa tisa. Nahodha ataisikiliza ratiba yote kwa adabu, kisha atasema, "Tutaondoka maji yakijaa." Usimuulize saa ngapi. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana, kwa hiyo saa aliyoondoka mgeni wa juzi haikusaidii kitu. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na mkondo mliopita asubuhi mkielea, mchana unakuwa uwanja wa kunguru. Wakati wa maji mafu mambo ni ya wastani, lakini kuna vijito ambavyo boti haifiki kabisa. Mkikwama kwenye fungu, tulieni. Mabaharia watashika upondo, watasukuma mara mbili tatu kwa heshima ya abiria, kisha watalala.

Mgeni mashuhuri kuliko wote aliyewahi kuja huku kwa mapumziko yasiyopangwa ni manowari ya Wajerumani, Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, mashine yake ikaharibika, ikaingia delta kujificha. Vifaa vibovu vikapelekwa Dar es Salaam kwa njia ya nchi kavu, vikatengenezwa, vikarudishwa, na bado meli haikutoka, kwa kuwa Waingereza walishakaa milangoni. Likizo ikawa ya miezi tisa na ushei. Mabaharia wakaugua malaria. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata ndani kwa sababu ya kina kidogo. Zilizoweza ni Severn na Mersey, vyombo visivyozama sana majini, ambavyo awali viliundwa kwa ajili ya mito ya Brazili. Ndege zilizoruka kutoka Mafia ziliwaelekeza pa kulenga, na tarehe 11 Julai 1915 kazi ikaisha. Mizinga kumi ya Königsberg ilichomolewa ikaenda kupigana nchi kavu, na mmojawapo leo umetulia nje ya Fort Jesus, Mombasa, jirani na mzinga wa Pegasus ile ile. Kwa baba mwenye familia somo ni fupi: kodi chombo kinachopita maji haba, beba dawa na vyandarua, na usigombane na mtu njiani.

Mizigo. Begi la magurudumu liacheni Dar, maana magurudumu yanahitaji sakafu. Chukueni madumu ya maji ya kunywa, kwa kuwa kuna visima vinavyoonja chumvi. Pesa taslimu, tena chenji. Na kandambili, ambazo mtazipoteza katika hatua za mwanzo. Boti haisogei mpaka nchi kavu. Inasimama pale maji yanapoishia na abiria wanashuka. Mguu unazama hadi katikati ya ugoko, tope linaishika kandambili kwa upole, mnasikia sauti kama ya busu, na mguu unatoka peke yake. Msivute kwa nguvu kwenda juu. Chezesheni kisigino kwanza ili hewa ipite chini, ndipo mnyanyue. Watoto watalijua hilo mara moja. Shemeji mwenye raba nyeupe atahitaji watu wawili.

Mkishafika, kaguseni ofisi ya mtendaji wa kijiji mkaandike majina kwenye kitabu cha wageni. Kwenye safu ya "madhumuni ya safari" mtaona walivyojaza waliowatangulia: chanjo, sensa, biashara ya kaa, msiba. Nanyi mtaandika "mapumziko", na hapo ndipo maswali yataanza. Mzee aliyekaa barazani, mkishamwamkia shikamoo naye akaitika marahaba, atawauliza kwa sauti ya chini:

"Mmefiwa?"

"Hapana, babu. Tumekuja kupumzika tu."

"Poleni sana. Nani anaumwa?"

Msicheke. Kwa watu ambao maji ya saa kumi usiku ni maji ya kazi sawa na ya saa kumi jioni, mtu mzima mwenye nguvu zake anayepanda basi na boti kutoka Dar ili aje kukaa bure lazima awe na lake jambo. Mtaletewa uji.

Nguo za kuogelea zibaki ndani ya begi. Hapa ni kijijini, watu wanaswali, na mama akiwa na dera na kanga atapata mashoga kabla ya magharibi. Kuogelea kwenyewe kunahitaji ruhusa ya wenyeji, wala si kwa ajili ya adabu peke yake: mikono ya juu ya delta ina mamba na viboko, na hakuna atakayewawekea bendera nyekundu.

Malazi sasa, maana hapa ndipo Rufiji inapowashinda wenzetu wa Maldives. Wao walifungua hoteli yao ya kwanza ya kitalii mwaka 1972, na leo vibanda vyao vya nguzo juu ya maji vinalipiwa kwa dola. Mkulima wa mpunga wa Rufiji ana dungu: kibanda cha miti na makuti kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, na familia nzima huhamia humo wakati wa msimu, maji ya mto yakipita chini. Mandhari ni yale yale. Tofauti ni kwamba dungu limejengwa ili mtu aone nguruwe mwitu anavyokuja usiku, au kiboko anayepanda kutoka mtoni kuja kula mpunga. Hoteli kubwa huwa na klabu ya watoto. Hapa watoto wenu watapewa kuamia ndege. Zamu inaanza alfajiri, kwa kopo la kugonga na kombeo. Kweleakwelea hawajui likizo.

Anayetaka matembezi afuatane na mtafuta kaa maji yakipwa. Huyo huingia mikokoni na fimbo ndefu yenye chuma kilichopinda nchani. Anapita matundu matatu manne bila kusimama, maana tope la mlangoni limekauka. Anasimama penye tope bichi lenye michirizi ya kucha. Anapitisha chuma, anatulia, anasikiliza kwa kiganja, anazungusha, anavuta. Kaa anatoka na hasira zake, magando mbele, anakandamizwa mgongo kwa unyayo, na kabla baba hajafungua kamera ya simu ameshafungwa magando kwa ukambaa. Huenda sokoni akiwa hai, na mwenzake huvuka mpaka nje ya nchi. Baba akitaka kujaribu, asizuiwe. Gando linalovunja konokono wa baharini haliwezi kushindwa na kidole cha mhasibu.

Mama watoto akiwa amenuna tangu siku ya kwanza, pale pale Nyamisati kuna kivuko cha MV Kilindoni kinachokwenda Mafia, kwenye mchanga mnaoujua, hoteli, hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1995 na papa potwe kuanzia Oktoba. Hakuna atakayewapa pole huko. Mkiamua kubaki delta, kubalianeni na nahodha siku ya kuja kuwachukua kabla hajawashusha. Mpeni nusu ya nauli mkishuka, na nusu iliyobaki mpeni mkishakanyaga tena Nyamisati.