Kunolewa kwa Kiyoyozi

Wataalamu wa macho duniani wanaijua Kongwa. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya wilaya hiyo, ukachapishwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba mtoto akinawishwa uso, juu ya kupakwa dawa ya tetrasaiklini, trakoma kali humpungukia.

Leo afisa tabibu wa zahanati ya hukohuko Kongwa akiitwa kunolewa, hupanda basi hadi Dodoma mjini, akaketi kwenye kiyoyozi, akafundishwa kunawisha watoto uso. Projekta inaonyesha mtoto mwenye tongotongo. Pengine ni wa jirani yake.

Kunolewa kwenyewe ni lazima, hapo hapana ubishi. Aliyehitimu mwaka 2000 akiiamini klorokwini kwa malaria aliona Tanzania ikihamia dawa ya SP mwaka uliofuata, kisha dawa mseto mwishoni mwa 2006. Asiyejisomea angekuwa anatibu malaria kwa historia. Muuguzi naye, akitaka kuhuisha leseni, hudaiwa ushahidi kwamba amejiendeleza.

Ila itazame ratiba. Mada ya saa tatu inaanza saa nne na nusu, kwa kuwa mgeni rasmi bado yuko ofisini, Mji wa Serikali Mtumba. Chai, sambusa, picha ya pamoja. Maswali yakifunguliwa, la kwanza halihusu dozi: fomu ya posho inasainiwa wapi? Kule zahanati, mama mwenye mtoto wa homa anaambiwa tabibu yuko semina, arudi Jumatatu.

Waandaaji, Kongwa nako kuna kumbi, na wagonjwa wa kujifunzia hawahitaji projekta. Semina ijayo pelekeni huko. Sambusa zinapatikana.