Namna ya Kushinda Kariakoo na Kurudi na Pesa Zako

1. Chagua watu wa kufuatana nao. Unamhitaji shangazi asiye na haya, awe msemaji wenu wa bei. Unawahitaji mashosti watatu wa kuongeza idadi, sababu utaiona. Na mbebeni mtoto mmoja, maana mtoto akianza kulia mnaruhusiwa kutoka dukani bila kununua wala kuomba radhi. Mkipoteana, kutaneni kwenye jengo la soko alilolichora Beda Amuli, lile la mwaka 1975 lenye paa za zege zilizofunuka kama miavuli. Hata mgeni haliulizii mara mbili.

2. Fikeni maduka yanapofunguliwa. Muuzaji hapendi mteja wa kwanza aondoke mikono mitupu. Anaona mkosi wa siku nzima. Shangazi aseme, "Mwanangu, mimi ndiye nakufungulia biashara," kisha anyamaze. Asiongeze neno. Atakayeanza kuongea tena ndiye atakayepunguza.

3. Gawa pesa kabla hujatoka nyumbani. Noti moja ya elfu kumi ikae mkononi, nyingine zifiche unakojua wewe. Bei ikigoma kushuka, ionyeshe hiyo noti, sema ndiyo iliyobaki, na nauli imo humo humo. Kila mtu Kariakoo anaujua mchezo huu, na anauheshimu ukichezwa vizuri.

4. Hapa tutulie kidogo, maana ndipo wengi wanapoliwa. Kijana atakayewapokea Mtaa wa Kongo kwa "dada zangu karibuni" huenda hana duka. Huyo ni winga: anachukua mzigo kwa mwenye duka, anaweka cha juu, na hicho cha juu ndicho chakula chake. Usimkwepe, mtumie. Anajua kila kichochoro na kila ghorofa. Mwelezeni kitenge mnachokitaka. Akichomoka kwenda kukifuata, shosti mwenye macho makali amfuate taratibu aone ameingia wapi. Duka hilo mnalo sasa. Lakini mnunulieni winga kitu kimoja, hata soksi. Amewatembeza juani, ni haki yake.

5. Sasa nendeni kwenye duka lile mkiwa kamati ya harusi. Watu watano wanaotafuta sare hawatajiwi bei ya rejareja. Mmoja ashike daftari, mwingine apige hesabu kwenye simu, shangazi aulize kama rangi hiyo ipo ya kutosha watu thelathini. Mkishatajiwa bei ya jumla, chukueni vipande viwili "vya kuonyesha wenzetu". Kabla ya kulipa, kikunjueni kitenge mlangoni kwenye mwanga, mkigeuze. Maua ya upande wa nyuma yakiwa yamefifia, kirudisheni bila huruma. Kizuri kina rangi pande zote mbili, na yadi 6 zinawatosha wawili wanaopatana.

6. Miguu ikichoka, ingieni duka la majokofu lenye kiyoyozi. Ulizeni jokofu linakula umeme kiasi gani. Ulizeni na dhamana.

7. Mchana tafuteni muuza juisi ya miwa anayekamua na ndimu na tangawizi mbele ya macho yenu. Kaeni hapo muda mrefu kuliko mlivyokaa dukani. Shangazi amalizie ile habari ya posa aliyoikatisha asubuhi, mtoto alale mapajani, na asiwepo wa kuangalia saa. Hapa msibane matumizi. Agizeni ya pili.

8. Majirani watahesabu mizigo, kwa hiyo wapeni cha kuhesabu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 na sasa mfuko unauziwa, basi njoo na wako kutoka nyumbani, mkubwa kuliko mahitaji. Chini weka vitu vyepesi vyenye umbo: mito, vikapu. Juu weka kitenge, ncha ichungulie.

9. Kurudi, msigombanie mwendokasi njiani. Tembeeni hadi kituo cha Gerezani, yanakoanzia mabasi, mpate siti na pa kuweka mfuko. Humo ndani kubalianeni bei za kutaja. Mume atajiwe nusu. Jirani atajiwe mara mbili, maana akiona ni rahisi atakutuma Jumamosi ijayo, kwa mkopo.