Kipaza Sauti Kabatini

(Kabati la maabara ya fizikia katika shule moja ya sekondari ya kata. Ijumaa jioni. Mhamasishaji aliyealikwa kuzungumza na walimu ameondoka mbiombio kuwahi semina nyingine, akamsahau Kipaza Sauti. Mtunza maabara amemfungia humo pamoja na vifaa. Waliomo ni Mizani ya Springi, Bibi Kipimajoto, Sumaku na Wenzo. Panya anaingia na kutoka kwa tundu lake.)

KIPAZA: Haloo, haloo. Moja, mbili. Huko nyuma mnanisikia?

MIZANI: Huko nyuma ni sentimita ishirini, kijana. Tunakusikia.

KIPAZA: Shikamooni wazee wangu.

WOTE: Marahaba.

KIPIMAJOTO: Karibu, mjukuu wangu. Ila sogea kidogo, unaniegemea, na mimi ni kioo.

KIPAZA: Samahani, bibi. Sasa niwaulize: mko tayari kubadilika? Sijasikia! Mko tayaaari?

PANYA: Mjibuni tu yaishe. Mchana walimu walijibishwa hivyo hivyo mpaka mkuu wa shule akashikwa na kikohozi.

SUMAKU: Tuko tayari. Enhe, semina ilihusu nini?

KIPAZA: "Fizikia ya Mafanikio: Ongoza Kama Newton." Bango lilikuwa na picha ya tufaha, na bosi wangu amekunja mikono. Alianza na sheria ya kwanza: kitu kilichotulia huendelea kutulia. Akawaambia walimu, "Ninyi mmetulia mno. Jisukumeni!"

MIZANI: Akaishia hapo?

KIPAZA: Watu walipiga makofi, mzee. Asingeweza kuendelea.

MIZANI: Basi makofi yaliikata sheria katikati. Kitu kilichotulia hutulia, na kinachokwenda huendelea kwa mwendo ule ule katika mstari mnyoofu, mpaka kani ya kutoka nje ikibadilishe. Ya kutoka nje, kijana. Mwambie bosi wako ashike mkanda wa suruali yake ajinyanyue hadi darini. Sisi tutamsubiri hapa.

KIPAZA: Lakini mtu hutembea mwenyewe, hasukumwi na mtu.

PANYA: Hilo mimi nalijua kwa miguu. Sakafu ya stoo ina vumbi, nakimbia nitakavyo. Ile ya ofisi ya mkuu ilipigwa nta juzi. Paka akatokea, nikatimua mbio zangu zote, na nikabaki pale pale nilipo, miguu inazunguka tu. Nimeponea uvunguni mwa kabati la mafaili.

MIZANI: Umesikia? Mguu husukuma sakafu kwenda nyuma, sakafu husukuma mguu kwenda mbele. Kinachowashikanisha ni msuguano. Ukiuondoa, jitihada zote zinakwenda bure.

KIPAZA: Mbona bosi kasema tuondoe msuguano kazini? Alisema mwalimu anayeuliza maswali mengi kwenye kikao ndiye msuguano.

WENZO: Mkuu wa shule aliitikia?

PANYA: Aliandika kwenye daftari na kupigia mstari.

WENZO: Haya. Muhula ujao kikao kitakwenda bila swali hata moja, na shule itatimua mbio kama Panya juu ya nta.

KIPAZA: Tuachane na sheria ya kwanza. Ya pili ilikuwa kali zaidi. Kani ni sawa na tungamo mara mchapuko. Kwa hiyo, alisema, mkitaka shule iende kasi, ongezeni kani!

MIZANI: Kwa tungamo gani?

KIPAZA: Sijakuelewa, mzee.

MIZANI: Mlingano una pande zake. Kani ikiwa ile ile na tungamo likaongezwa mara mbili, mchapuko unabaki nusu. Mwalimu wetu wa fizikia anafundisha hisabati na kemia, ni mlezi wa bweni, na funguo za stoo anazo yeye. Mtungi wa gesi wa maabara hii umekauka tangu muhula uliopita, kwa hiyo jaribio la joto analifundisha kwa kuchora moto ubaoni. Kabla ya kumwambia aongeze kani, kuna aliyefikiria kumpunguzia tungamo?

KIPAZA: Mzigo ulitajwa. Bosi alisema mzigo wote uko kichwani mwa mtu.

PANYA: Na bahasha yake ikawa mfukoni. Nilikuwa chini ya meza, niliiona ikipita.

SUMAKU: Kijana, nasikia na mimi nilitajwa.

KIPAZA: Ulitajwa sana, mzee! Alisema: "Sumaku ndiye siri ya matajiri. Vinavyofanana huvutana. Fikra chanya huvuta mambo chanya."

SUMAKU: Akanitaja mimi, mbele za watu, akasema hivyo?

KIPAZA: Kwa sauti kubwa.

SUMAKU: Miaka yote niliyokaa humu, ncha yangu ya kaskazini haijawahi kuivuta kaskazini ya mwenzangu. Ukizikutanisha husukumana mpaka kidole cha mwanafunzi kinateleza. Na chaji nazo ni hivyo hivyo, chanya humfukuza chanya mwenzake. Kama fikra zinafuata sheria yangu, basi walimu wale wamefunzwa namna ya kuyafukuza mafanikio yao.

KIPIMAJOTO: Pengine ndiyo maana anayefanikiwa kila mara ni msemaji peke yake.

KIPAZA: Bibi, nawe!

WENZO: Na kwangu alifika?

KIPAZA: Alifika. Alimtaja Archimedes, yule Mgiriki aliyetaka apewe mahali pa kusimama ili aisogeze dunia. Akasema kiongozi ni mkono ule ulioshika wenzo: nguvu kidogo, matokeo makubwa!

WENZO: Nguvu kidogo, ndiyo. Bei yake hakuitaja? Nikikupa nafuu ya kani, nakudai umbali. Mkono unashuka sana ili mzigo upande kidogo. Anayeahidi matokeo makubwa kwa nguvu ndogo tena kwa wiki moja, mimi sijawahi kukutana naye, na wenzo ni mimi.

KIPAZA: Kwa hiyo kiongozi si mkono?

WENZO: Mkono kila mtu anautaka, maana ndio unaoonekana ukifanya. Mimi ningemtafuta kwenye egemeo. Egemeo halisogei wala halipigiwi makofi. Mzigo unalikandamiza upande huu, mkono unalikandamiza upande ule, na lenyewe linabeba vyote viwili kwa pamoja. Likikatika, mwenye nguvu na mwenye mzigo wote wanaanguka. Waulize wanaogombea uongozi nani kati yao anaomba kazi hiyo.

PANYA: Ina posho?

WENZO: Haina.

PANYA: Basi fomu zitabaki mezani.

KIPAZA: Wazee, mmenibana. Lakini moja hamtalipinga: Newton mwenyewe alikuwa kiongozi bora. Bosi kasema tumwige.

MIZANI: Hapo umeingia nyumbani kwangu. Soma usoni pangu kumeandikwa nini.

KIPAZA: "Nyutoni 0 hadi 10."

MIZANI: Sasa tazama tumboni. Springi hii hurefuka kulingana na kani inayoivuta, ikiongezwa mara mbili nami narefuka mara mbili. Aliyeitangaza kanuni hiyo, mwaka 1678, ni Robert Hooke. Newton na Hooke hawakupikika chungu kimoja, waligombana juu ya mwanga, wakagombana juu ya mvutano wa sayari. Hooke akafa 1703, na mwaka huo huo Newton akawa rais wa Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi kule London. Mwili wangu ni wa Hooke, jina usoni ni la Newton. Hayo nayo ni mafunzo ya uongozi, ila bosi wako hakuyauza.

KIPAZA: Lakini aliongoza vizuri?

MIZANI: Alipewa kazi katika kiwanda cha serikali cha sarafu mwaka 1696, akawa mkuu wake 1699, na waghushi sarafu aliwaandama mpaka wengine wakanyongwa. Kazi aliijua. Lakini sikiliza hili. Alikuwa na ugomvi na Mjerumani, Leibniz, nani kati yao alianza kuvumbua kalkulasi. Mwaka 1712 ikaundwa tume ichunguze. Iliundwa na jumuiya ambayo rais wake ni Newton.

PANYA: Na ripoti?

MIZANI: Aliyeiandaa nyuma ya pazia ni Newton.

PANYA: Ikamwona nani ana haki?

MIZANI: Unauliza ya nini, jirani?

PANYA: Huyo tunamfahamu! Kumbe ule ushirika wetu wa ghalani unaongozwa kwa fizikia.

KIPAZA: Basi fizikia haina la kumfunza kiongozi. Nimepoteza Ijumaa yangu.

KIPIMAJOTO: Hapana, mjukuu wangu. Inalo, ila halikai kwenye bango. Nikusimulie la hapa hapa kwetu. Mwaka 1963, katika sekondari ya Magamba, Lushoto, wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakangoja yapoe, ndipo wakayaweka kwenye friji. Siku moja Erasto Mpemba akaona nafasi inakwisha, akaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Mwenzake akaingiza yasiyochemshwa kabisa. Baada ya saa moja na nusu hivi ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado.

KIPAZA: Ya moto yakatangulia?

KIPIMAJOTO: Alishangaa kama wewe. Akamwuliza mwalimu, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, akauliza tena, mwalimu mwingine akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, haipo ulimwenguni. Toka hapo kila akikosea hesabu darasa linamcheka kwa jina lake.

KIPAZA: Bosi wangu angemwambia ajiamini!

KIPIMAJOTO: Kujiamini alikuwa nako, bila hivyo asingeuliza mara ya tatu. Alikuja Dakta Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam kuwahutubia, Mpemba akasimama na swali lile lile. Wenzake wakacheka. Osborne naye hakuliamini, lakini aliahidi kwamba litajaribiwa. Akampa kazi fundi wake wa maabara. Fundi akarudi kusema ya moto yametangulia kweli, ila wasiwe na hofu, ataendelea kurudia mpaka jibu sahihi lipatikane.

PANYA: Fundi huyo angefaa kuandika ile ripoti ya Newton!

KIPIMAJOTO: Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala kwa majina yao wote wawili, la Mpemba likitangulia. Wanafizikia wanabishana hadi leo. Wengine wamerudia na hawakuona kitu. Nawe niambie: walimu wale wote walizijua sheria. Aliyeongoza ni yupi?

KIPAZA: Yule asiyeamini, lakini akakubali kupima.

WENZO: Kijana hachelewi kushika.

KIPAZA: Lakini leo watu waliguswa, wazee. Mwalimu wa historia alitokwa na machozi. Hiyo si kazi?

MIZANI: Kwa hesabu zetu, kazi ni kani mara umbali ambao kitu kimesogea kuelekea kule kani inakovuta. Baada ya semina, nini kilisogea?

PANYA: Viti. Vilisogea kuelekea kwenye sambusa.

WENZO: Hapo tuende taratibu, Mzee Mizani. Kwa hesabu hiyo hiyo, mama anayetembea tambarare na ndoo ya maji kichwani haifanyii ndoo kazi yoyote, maana anaisukuma juu nayo inakwenda mbele. Akifika nyumbani shingo inamuuma kwa kazi sifuri. Wafanyakazi usiwapime kwa mlingano peke yake.

PANYA: Na mkuu wa shule asiisikie hiyo, atakata mishahara kabla ya mwisho wa mwezi.

MIZANI: Umenirekebisha, na umesema kweli. Mlingano ni wa ndoo, haukuandikwa kwa ajili ya shingo. Bora anayejua kipimo chake kinaishia wapi. Mimi mwenyewe mwaka juzi mwanafunzi alinitundikia begi la vitabu. Springi ikavutwa kupita kikomo chake, na toka siku ile hairudi yote. Sijashika kitu, mshale unasoma 0.4.

KIPAZA: Kumbe umeharibika, na bado unatusomesha?

MIZANI: Nimevutwa kupita kiasi, kama walimu wa hapa. Tofauti ni kwamba 0.4 yangu imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mgongoni, ili kila anayenitumia aitoe kwanza. Kosa langu linajulikana ukubwa wake. La bosi wako ukubwa wake ni kiasi gani?

KIPAZA: Hajawahi kupimwa.

MIZANI: Basi tuanze na wewe. Jirani Panya, vuta waya wake umpitishe kwenye ndoano yangu. Taratibu. Hapo.

PANYA: Ananing'inia.

MIZANI: Bibi, soma. Macho yawe sawa na mshale.

KIPIMAJOTO: 3.4.

MIZANI: Toa 0.4.

KIPIMAJOTO: Nyutoni 3.

PANYA: Semina nzima, na hii ndiyo namba ya kwanza!

KIPAZA: Tatu tu? Jukwaani nilijiona mzito. Rudieni mpaka ifike kumi.

KIPIMAJOTO: Mungu wangu, huyu ni yule fundi mtupu!

MIZANI: Tutarudia, kijana, ni haki yako. Ila ikitoka tatu tena, tutaandika tatu.