Utukufu wa Plaiwudi

Wanahistoria wameandika vya kutosha kuhusu kuba za Kilwa Kisiwani na chokaa ya ikulu ya Husuni Kubwa, lakini dari la plaiwudi lililobanwa kwa skrubu ndani ya Toyota Hiace iliyogeuzwa chumba cha kulala halijapata hata aya moja ya sifa, ingawa ni dari linaloweza kuamkia Kilwa Masoko na kulala Lindi mjini. Plaiwudi ni ubao wa kutengenezwa, unaopatikana kwa kugundisha tabaka nyembamba za mti, kwa kawaida zenye idadi witiri, huku nyuzi za kila tabaka zikikingamana na nyuzi za tabaka jirani ili ubao usipasuke wala kujikunja ovyo. Watu huilaumu kwa kuvimba, kubanduka na kuota ukungu. Lawama hizo ni za kweli zote, na ndizo zitakazotumika hapa kama ushahidi wa ubora wake.

Mshindani wake mkuu ni mpingo, mti ambao Kilwa inajivunia kwa haki, kwani mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata kwa misitu yao cheti cha FSC, yaani uthibitisho wa kimataifa kwamba msitu unavunwa kwa uangalifu. Mpingo hutengenezewa klarineti na oboe, huzama majini, na huhitaji miongo mingi kabla ya kufaa kukatwa. Sifa tukufu, lakini zisizomsaidia mtu anayetaka kufunika bati la gari. Karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 2,440 kwa 1,220, yenye unene wa milimita 3, huwa na uzito wa kilo 5 hivi, ilhali mpingo wa kipimo hicho, kama ungepatikana mti mnene wa kuutoa, ungezidi kilo 10, na usingekubali kupindwa kufuata mviringo wa paa. Plaiwudi hukubali, kwa kuwa haina ukoo wa kulinda.

Hata hivyo, kusema haina ukoo ni kuionea. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 wakati wa Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliandika kwamba mji ulijengwa kwa mbao na nyumba zake kuezekwa kwa matete, kauli iliyowasumbua wataalamu wanaoyatazama magofu ya mawe, lakini ambayo mpenzi wa plaiwudi huipokea kwa utulivu, kwa kuwa inathibitisha kwamba dari jepesi halikuona aibu hata karibu na ikulu. Kinyume chake, dari zito la sehemu iliyoongezwa katika Msikiti Mkuu lilianguka, ikalazimu kujengwa upya katika karne ya 15. Na pale mawe yalipobebwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, urefu wa miti hiyo ndio uliowaamulia matajiri upana wa vyumba vyao, ambao kwa kawaida haukuzidi mita 3. Anayelala ndani ya Hiace, katika chumba kisichofikia mita 2, hajaachana sana na desturi ya mabwana hao.

Fadhila kubwa zaidi huonekana baada ya ufungaji. Katika kuifunga, fundi huanza kwa kukata boksi la karatasi kama kielelezo, kwa sababu hakuna ukuta wa gari ulionyooka. Kisha hufunga mikanda ya mbao kwenye mbavu za chuma, hupandisha karatasi nyembamba juu na nene ya milimita 6 au 9 ubavuni ambako rafu zitaning'inia, akiacha nafasi ndogo kati ya vipande ili visisukumane vikitanuka. Usiku wa Juni au Julai, upepo wa kusi unapopoza bati, mvuke wa pumzi za waliolala hugeuka matone upande wa nyuma, yakatiririka pasipoonekana. Hapo ndipo plaiwudi hutoa taarifa: ukingo huvimba, doa la kahawia hutokea, na mwenye gari hujua jambo ambalo plastiki ingemficha hadi chuma kiliwe na kutu. Chumvi ya hewa ya bahari nayo hula skrubu za chuma cha kawaida, zikalegea, na katika barabara za vumbi za ndani, kama ile ya Nangurukuru kuelekea Liwale, dari huanza kulalamika kwa sauti kabla halijaanguka, adabu ambayo kuba ya mawe haina. Wapo wanaopendekeza plaiwudi ya marini, iliyogundishwa kwa gundi isiyoachia majini, na kingo zake kupakwa vanishi mara mbili. Ni kweli hudumu zaidi, ila ni nyamavu mno kwa mtu anayetaka kujua habari za gari lake.

Inapobidi kung'olewa, plaiwudi hukataa kustaafu. Kipande kilichovimba upande mmoja hukatwa ule mzima, kikawa mlango wa banda la kuku, au kikafunika meza ya muuza pweza ufukweni, ambako hupata maji mengi zaidi kuliko yale yaliyokifukuza garini, na hakuna mteja anayekilalamikia.