Mafuta ya Mama Batiki

Wasanii waliopanga nyumba moja wana kila kitu cha kumpa mgeni isipokuwa onyo. Godoro atapata, chandarua atapata, hata ndala za kwendea bafuni atapata, japo zote mbili za mguu wa kushoto. Lakini hayupo wa kumwambia: hiki usiguse, kile si chakula. Kumwekea mgeni masharti siku anayofika ni kukosa adabu, na ukingoja kesho yake unakuta mambo yameshaharibika.

Nyumba yetu iko Bagamoyo. Mji huu uliwazoea wasanii zamani, tangu Chuo cha Sanaa, ambacho leo ni taasisi iitwayo TaSUBa, kilipoanzishwa mwaka 1981. Marehemu Hukwe Zawose aliishi hapa na ukoo wake wa wapiga ilimba na zeze hadi alipofariki mwaka 2003, kwa hiyo jirani hashtuki akisikia ngoma usiku wa manane. Ila sisi si ukoo. Sisi tumekutanishwa na kodi. Yuko Babu Ngoma, anayewamba ngoma uani. Yuko mchongaji wa mpingo. Yuko kijana anayechora picha za Tingatinga. Yuko Mama Batiki, ambaye kwa umri na kwa sauti ndiye mkuu wa nyumba. Na niko mimi, ninayeandika, kazi ambayo wenzangu wanaiita kukaa.

Wiki ya tamasha la sanaa la hapa mjini nyumba za kulala wageni hujaa, na ndipo alipotufikia kijana mtunzi wa ngonjera kutoka Korogwe, rafiki wa rafiki wa mchongaji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, hapa ni kwenu. Jisikie huru."

Maneno hayo ndiyo yaliyotuponza. Kijana alikuwa amelelewa na bibi yake, na bibi alimfundisha kwamba mtu hakai kitako akitazama wenyeji wanahangaika. Wahenga walisema mgeni apewe jembe siku ya tatu. Huyu alijipa mwenyewe alfajiri ya siku ya pili, sisi tukiwa tumeshatoka kwenda tamashani.

Tuliporudi mchana, uani kulikuwa kunang'aa. Harufu ya samaki wa kukaanga ilitupokea mlangoni. "Huyu mtoto amelelewa!" akasema Mama Batiki, akitutazama sisi wengine kwa jicho ambalo sikulipenda. Mkeka ukatandikwa, ugali ukaja kwenye sinia, na vibua wakaja wa moto, rangi ya dhahabu.

Babu Ngoma, mwenye meno machache kuliko wote, ndiye aliyewahi kuanza, na ndiye aliyewahi kunyamaza. Sisi wengine tukatafuna. Samaki alikuwa na utelezi wa ajabu, kisha utelezi ukawa ugumu, kisha ulimi ukaanza kuteleza juu ya meno yenyewe. Upepo wa bahari ulipopita, vibua waliobaki kwenye sinia walibadilika mbele ya macho yetu: dhahabu ikapotea, wakawa weupe kama maiti waliovishwa sanda. Hakuna aliyesema kitu. Mgeni amepika, utasema nini? "Wamekauka vizuri," mchongaji akajitahidi. Mdomo wa juu wa Babu ulikuwa umegoma kushuka, kwa hiyo alionekana anatabasamu, na kijana akafarijika.

Mama Batiki akanusa kipande chake. Mtu anaijua mali yake.

"Mwanangu, mafuta umeyapata wapi?"

"Kwenye sufuria ya chini ya benchi, mama. Yalikuwa yameganda. Nimetia yote ili samaki wasishike."

Ilikuwa nta ya batiki: parafini, inayopasuka kwenye kitambaa na kupitisha ile mishipa ya rangi wanayoipenda wanunuzi, ikichanganywa na nta kidogo ya nyuki ili isibanduke yote. Ikipoa ni nyeupe, ikipata moto inayeyuka inakuwa maji safi, na ukitia samaki inachachatika kama mafuta yoyote. Simlaumu kijana. Mama Batiki akasema, "Ahsante, mwanangu," akaingia chumbani, akafunga mlango, tukamsikia akizungumza na Mungu kwa kirefu. Kuhusu afya zetu, tumbo la binadamu halijui kusaga parafini. Hutoka kama ilivyoingia. Zaidi ya hapo sitaeleza.

Hapo ndipo kila mtu alipokumbuka kukagua chake. Babu alikuwa ameloweka ngozi ya mbuzi ilainike kabla ya kuiwamba, na ngozi iliyolowa haina manukato. Ilikuwa imetupwa jalalani, mbwa wameshaimaliza. Mchongaji alifagiliwa unga wote wa mpingo, ule anaouchanganya na gundi kuziba nyufa mnunuzi asizione. Brashi za kijana wa Tingatinga zilioshwa kwa maji na sabuni ya unga. Rangi ya wachoraji wa Tingatinga ni ya mafuta, ya aina ileile aliyoanza kuchorea Edward Saidi Tingatinga kwenye hadibodi Dar es Salaam mwaka 1968, nayo haisikii maji. Brashi zikakauka zikawa vijiti. Mimi hakuniharibia kitu. Alizikuta kurasa zangu, akazisoma, akazirudisha palepale kwa adabu, bila neno. Hilo liliniuma kuliko samaki.

Usiku, mgeni akiwa amelala, tulikaa kikao. Aambiwe. Na nani? Mchongaji akasema huyo si rafiki yake, ni rafiki wa rafiki. Mama Batiki akasema yeye alisema karibu tu, kama mtu yeyote. Babu hakusema, mdomo ulikuwa bado. Mgeni wa watu watano, nakuapia, hana mwenyeji: wote wanamlisha, hakuna anayemwongoza. Tukaamua litundikwe bango, na kazi akapewa kijana wa Tingatinga, kwa brashi za kuazima. Akachora mbuyu, chui na ndege wa rangi zote, na neno USIGUSE akalipenyeza katikati ya matawi, usiloweza kuliona ila uoneshwe. Mtalii alilinunua kabla rangi haijakauka.

Fedha zile zilinunua nta, ngozi na brashi, na chenji ikabaki ya vibua. Tamasha lilipokwisha tulimsindikiza kijana hadi stendi, na Mama Batiki akamwambia arudi mwakani, hapa ni kwao, ajisikie huru.

Nawe msomaji, ukija Bagamoyo ukakosa pa kulala, karibu kwetu. Ila mafuta ya kupikia njoo nayo.