Nukta ya Mhasibu

Watu wanadhani kazi ngumu ya seva ni programu. Kazi ngumu ni majina. Kwenye Linux, mipangilio karibu yote ya mfumo inakaa ndani ya /etc, na kila folda humo ina masharti yake kama nyumba ya wakwe: hapa unavua viatu, pale ukivua wanakuona huna adabu. Na hakuna anayekwambia mapema.

Muulize kijana wetu wa tehama. Mhasibu alihitaji ruhusa ya kuiwasha upya programu ya mishahara, na ofisini kwetu jina la mtumiaji ni jina lako, nukta, jina la baba. Kijana akaunda faili ndani ya sudoers.d, folda ya ruhusa za sudo, akaipa jina la mhasibu vilevile lilivyo, nukta katikati, akaandika ruhusa bila kukosea hata herufi. Mwisho wa mwezi ukafika. Mhasibu anabonyeza, mashine inagoma.

"Mama, hebu jaribu tena."

"Mwanangu, nimejaribu mpaka kidole kinauma. Watu wako mlangoni hapa."

Ruhusa ilikuwepo, tena imeandikwa vizuri. Ila sudo huruka kimya kimya kila faili ya folda ile yenye nukta kwenye jina, kusudi isije ikasoma nakala zilizosahaulika. Nukta ikaondolewa, mishahara ikatoka. Kijana, sasa ameshika adabu, akahamia sources.list.d, folda ya vyanzo vya programu, na kuunda faili isiyo na nukta kabisa. Huko nako apt inataka jina liishie .list au .sources, la sivyo haikutambui.

Halafu kuna namba. Mafundi wengi wanaamini kwamba ukitaka neno lako liwe la mwisho, uanze jina la faili na 99. Kwenye sysctl.d ni kweli, anayesomwa mwisho ndiye anayeshinda. Kwenye sshd_config.d ni kinyume: linaloshika ni neno la kwanza. Kijana akaweka 99-ofisi.conf kuzuia watu wasiingie kwa nenosiri, akatembea kifua mbele wiki nzima, kumbe 50-cloud-init.conf, iliyokuja na seva ya kukodi, ilikwisha kuruhusu kitambo. Usiniulize kuhusu ssh_config na sshd_config, zinazoishi folda moja na kutofautiana herufi moja tu, hii ya mteja, ile ya seva. Aliyezipa majina hayo simlaani, ila simpongezi.

Ya kwetu wenyewe ndiyo kichekesho zaidi. Kwenye folda hiyohiyo nimekuta sshd_config.bak, sshd_config.bak2, sshd_config.mpya, sshd_config.mpya.kweli na sshd_config.USIGUSE. Kati ya zote hizo hakuna inayosomwa; inayosomwa ni sshd_config isiyo na mkia. Hapo sijataja .dpkg-dist na .dpkg-old ambazo Debian huziacha nyuma kila tunapobishana nayo wakati wa kusasisha.

Wenzetu wa FreeBSD walitumia akili. Mipangilio ya kiwandani inakaa /etc/defaults/rc.conf, nawe huigusi. Ya kwako unaiandika /etc/rc.conf, na ndiyo inayoshinda. Ukitaka kujua umebadilisha nini, unafungua faili moja fupi, basi.

Kwa sisi tuliobaki huku Linux, dawa ni hii: ukimaliza kuhariri piga sudo -l -U na jina la mtumiaji, au sshd -T, uone mashine imesikia nini. Ndipo umwambie bosi kazi imekwisha.